Dereva Masele na Kioo Kinachozima

Modest Masele alikuwa ameendesha treni miaka kumi na tisa, na akipewa siku ya mapumziko, badala ya kulala au kwenda kupiga soga kama wanaume wenzake, alijifungia sebuleni akaendesha treni nyingine. Hiyo ya pili ilikuwa ndani ya kompyuta. Majirani zake wa kota za reli pale Tabora walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Mkewe Bernadeta, aliyekuwa na haki ya kucheka kuliko wote, alisema tu kwamba mume anayepoteza muda wake nyumbani ni nafuu kuliko yule anayeupoteza kilabuni, na mjadala ukaishia hapo.

Kompyuta ilikuwa ya mtoto wao Fikiri, aliyepata kazi Mwanza akaiacha mezani pamoja na gemu zake zote. Modest alizijaribu moja moja. Za kupiga risasi zilimpa kichefuchefu, za mpira zilimtia hasira, lakini ile ya treni ilimteka mzima mzima. Ilikuwa na reli za Ulaya, theluji kila upande, na stesheni zenye majina marefu yasiyotamkika. Modest hakuhangaika nayo. Alizibatiza upya kwa mpangilio anaoujua yeye: ya kwanza Kigwa, inayofuata Goweko, mbele yake Malongwe, akaendelea hivyo hivyo mpaka treni ya Wazungu ikawa inakata theluji kutoka Tabora kwenda Itigi.

Alicheza kama anavyofanya kazi. Kwenye kichwa cha treni dereva haangalii taa peke yake. Anaitaja kwa sauti, "Kijani!", na msaidizi wake anaiangalia kwa macho yake mwenyewe na kujibu, "Kijani!", ili kosa la mmoja likamatwe na mwenzake. Modest alishazoea mno, hata sebuleni alitaja. Bernadeta, akiwa uani anachambua mchele, alimjibu bila kuinua kichwa, "Kijani, Baba Fikiri, pita salama!" Ilianza kama utani. Baadaye ikawa desturi ya nyumba, na mgeni aliyeikuta kwa mara ya kwanza alidhani wamegombana.

Siku kioo cha kompyuta kilipozima kwa mara ya kwanza ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Julai, jua limechachamaa. Modest alikuwa amefunga madirisha na kushusha mapazia kwa sababu mwanga wa nje ulikifanya kioo kionekane cheupe. Gemu ilikuwa imejaa skrini nzima. Treni ilikuwa imetoka Kigwa kwa mwendo mzuri, halafu mbele ya macho yake kukawa giza tupu. Hakuona theluji, hakuona reli, hakuona hata mikono yake mwenyewe. Kisha picha ikarudi, na treni ilikuwa mbele karibu nusu kilomita kutoka pale alipoiacha.

Mtu mwingine angekipiga kioo kofi akaendelea. Modest alibaki kitini, akijiuliza swali ambalo hakuweza kumuuliza mtu yeyote. Kilichozima ni kioo, au ni yeye?

Usimwone mjinga. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imezikwa Kwihara, alikozaliwa. Baba yake mkubwa, Ngollo, alikuwa na kifafa. Kabla hajaanza kuanguka alikuwa anapotea. Alisimama katikati ya shamba la karanga, jembe mkononi, macho wazi, kisha baada ya muda akaendelea na maneno aliyoyakatisha bila kujua kwamba ameyakatisha. Watu walisema ni mawazo. Halafu siku moja akaangukia motoni. Watu wazima walikuwepo, zaidi ya wanane, na wote walirudi nyuma, kwa maana waliamini kwamba ukimgusa mtu wa kifafa akiwa ameanguka, povu lake likikupata, na wewe unaambukizwa. Mkono wa Ngollo uliungua mpaka alipotulia mwenyewe. Tangu hapo alikula peke yake, kwenye sahani yake, hadi anakufa. Modest aliyaona hayo akiwa na miaka saba. Sasa alikuwa na hamsini na tatu, na bado aliyaogopa vilevile.

Na kazi yake haikuwa ya kusukuma mkokoteni. Alianza kama kibarua wa kubadilisha mataruma yanayobeba reli, akapanda kuwa msaidizi, akapanda tena kuwa dereva wa treni ya abiria. Kila Alhamisi alitoka Tabora kuelekea Dodoma na watu mamia nyuma yake: wanawake wenye madumu ya asali kutoka Ipole, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda hospitali kubwa, watoto wachanga waliolazwa juu ya mabegi. Aliwaza giza lile la sebuleni likimkuta huko, na kona ya reli iko mbele.

Tena kulikuwa na jambo la Malongwe. Wiki tatu kabla ya kioo kuanza vituko vyake, Kashindye, msaidizi wake wa miaka mingi, alilazimika kuitaja taa yeye, mara mbili, ndipo Modest akajibu. "Umechoka, mzee," Kashindye alisema, akamimina chai kutoka kwenye chupa. Modest alikubali kwamba amechoka. Alichokificha ni kwamba mara ya kwanza hakuisikia kabisa.

Kila mwaka daktari wa kazini alimuuliza kama amewahi kupoteza fahamu, naye alijibu hapana, na kwa kadiri alivyojua alikuwa anasema kweli. Ndiyo ubaya wa jambo lenyewe. Mtu akipotea hajui kwamba alipotea, isipokuwa aone kitu kimesogea.

Basi akaanza kukichunguza kioo, na sidhani kama kuna mtu amewahi kuomba kitu chake kiwe kibovu kama Modest alivyoomba. Alikaza waya nyuma yake, kikazima. Alihamisha plagi, kikazima. Akasema ni umeme mdogo, akaazima stabilaiza kwa jirani, kikazima na stabilaiza iko palepale inawaka taa kama haihusiki. Alifungua mashine akaifuta vumbi kwa brashi ya rangi. Usiku alipolala aliota anakaza waya.

Jambo moja lilimpa matumaini. Gemu ikiwa kwenye dirisha dogo la kompyuta, giza halikuja hata mara moja. Ikijaa skrini nzima ndipo linakuja. Modest alijiambia kwamba ugonjwa haujui ukubwa wa picha, kwa hiyo ni kioo, akashusha pumzi. Kabla pumzi haijaisha akajijibu mwenyewe kwamba dirisha dogo linamuumiza macho, hulicheza dakika kumi tu, na dakika kumi hazithibitishi kitu. Akarudi kwenye hofu yake.

Jumamosi asubuhi aliifunga mashine na kioo chake kwenye shuka, akakodi bajaji hadi nyuma ya soko kwa Julieth, fundi kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyechomeka bisibisi kwenye nywele zake kama wengine wanavyochomeka kalamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Nimekuletea mgonjwa. Kioo hiki kinazima nikicheza gemu skrini nzima. Kinazima, kinawaka chenyewe."

Julieth hakukigusa kwanza. "Kikizima, sauti inaendelea?"

"Sauti gani?"

"Ya gemu. Kioo kikiwa giza, bado unaisikia gemu, au nayo inakatika?"

Wiki zote hizo alizokaza waya na kuhamisha plagi, swali hilo Modest hakuwahi kujiuliza. Alirudisha mawazo nyuma. Ndiyo, kulikuwa na siku alizosikia magurudumu yakilia gizani, na Bernadeta akiimba uani. Siku hizo zilikuwa nyingi. Lakini kulikuwa na siku moja, labda mbili, ambazo hazikuwa na chochote. Alikuwa anaikaribia taa, halafu alikuwa ameshaipita, na katikati hapakuwa na magurudumu wala Bernadeta.

"Inaendelea," alisema.

"Kila mara?"

"Kila mara."

Alidanganya mbele ya mtu pekee aliyekuwa anajaribu kumsaidia. Wala hakuona aibu wakati ule, kwa maana hofu haikuwa imeacha nafasi ya kitu kingine.

"Basi mashine yako nzima," Julieth alisema. "Tatizo ni kioo au waya. Cheza nione kwa macho yangu."

Aliunganisha vitu mezani, gemu ikajaa skrini nzima, na yeye akasimama nyuma ya kiti. Modest alianza safari. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu, giza. Na ndani ya giza magurudumu yaliendelea kulia vizuri kabisa, na nyuma ya kichwa chake sauti ya fundi ikasema, "Ehee! Hicho kimezima."

"Umekiona?"

"Si kimezima mbele yangu, mzee!"

Modest aliangua kicheko mpaka muuza makava ya simu wa kibanda cha pili akachungulia. Alicheka huku anajifuta machozi. Julieth alimtazama kidogo, akaamua kwamba wateja wako wa kila aina, akaendelea na kazi. Alimweleza kwamba gemu ikiwa kwenye dirisha dogo inatumia mwendo wa kawaida wa kompyuta, picha sitini kwa sekunde. Ikijaa skrini nzima inajipangia mwendo wake, na hii ilikuwa inadai picha sabini na tano. Kioo ni cha zamani na waya wake umekwisha, kwa hiyo kinajitahidi, kinashindwa, kinapoteza picha, kisha kinaikamata tena. Alibadilisha waya, akaingia kwenye mipangilio ya gemu akaishusha hadi sitini, akamwachia Modest acheze nusu saa nzima. Kioo hakikuzima.

Jumapili Modest aliimba kanisani kwa nguvu kiasi kwamba mwalimu wa kwaya aligeuka kumtafuta. Jioni alikwenda kwa Kashindye akamsimulia habari ya kioo kama kichekesho, bila ile sehemu ya hofu, wakacheka wote wawili. Jumatatu alifungua madirisha yote ya sebule, mwanga uingie unavyotaka. Akala sahani mbili za ugali na mlenda, akaongeza.

Jumanne, saa kumi alasiri, alikaa kucheza kidogo kabla ya kwenda kuangalia zamu ya Alhamisi. Kioo kilikuwa kinang'aa. Treni ilitoka Kigwa. "Kijani!" alitaja. "Kijani, pita salama!" Bernadeta alijibu kutoka uani. Goweko ilianza kuonekana mbele, mapaa meupe, na taa ya njano kwa mbali.

Kisha kulikuwa na maandishi mekundu katikati ya kioo.

Modest aliyatazama bila kuelewa. Gemu ilikuwa imesimama. Maandishi yalisema safari imekwisha kwa kuwa dereva amepita taa nyekundu. Taa nyekundu ipi? Hakuwa amefika Goweko. Kushoto kwake palikuwa na kikombe cha chai kinachotoa mvuke, juu ya kitabu cha Fikiri, na Bernadeta alikuwa amesimama pembeni yake, mkono begani kwake. Hakuusikia mkono ule ukiwekwa.

"Kimezima?" aliuliza. "Mama Fikiri, kioo kimezima?"

"Hapana."

"Angalia vizuri."

"Nilikuwa naangalia. Hakijazima."

"Chai hii nani ameleta?"

"Mimi. Nilikwambia chai hii hapa, ukanitazama." Bernadeta hakuuondoa mkono begani. "Ulinitazama, Baba Fikiri, lakini hukuniona. Midomo ilikuwa inatafuna na mdomoni huna kitu."

Modest aling'ang'ania kilichobaki. Alisema kwamba hata hivyo kwenye treni ya kweli kuna ile kengele. Kila baada ya muda mfupi inalia, na dereva asipobonyeza kwa mguu kuonyesha kwamba yuko macho, breki zinafunga zenyewe. Mtu akipotea, treni inasimama. Hakuna anayekufa. Alisema haya haraka haraka, kama mtu anayejadiliana na polisi. Gemu nayo ilikuwa na kengele hiyo hiyo, aliendelea, na kama kweli angepotea, treni ingesimama yenyewe kabla ya taa. Haikusimama. Kwa hiyo hakupotea, alisinzia macho wazi tu.

"Ililia," Bernadeta alisema.

"Nini?"

"Kengele. Ililia mara mbili nikiwa nimesimama hapa. Ukabonyeza."

Chumba kilikuwa wazi, madirisha wazi, jua limejaa mpaka kwenye kona, na Modest aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa gizani. Vidole vyake vilikuwa vimefanya kazi yote bila yeye. Vilishika mwendo, vilijibu kengele, vikawapitisha watu kwenye taa nyekundu kwa ustadi wa miaka kumi na tisa. Kwenye treni ya kweli mguu wake ungefanya hivyo hivyo, na Kashindye akiwa amegeuka kumimina chai, hakuna ambaye angejua.

"Imeanza lini?" aliuliza.

Bernadeta alivuta kigoda akakaa, mikono ndani ya kanga.

"Tangu Pasaka nimeona mara nne. Nilikuwa najibu kijani, nikingoja utaje inayofuata, kimya. Nikija mlangoni nakukuta hivyo. Nikasema ni uchovu. Kisha kioo kikaanza kuzima, nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema afadhali, kumbe ni kioo."

"Tangu Pasaka!" Modest alisimama. "Na Alhamisi zote hizo umenifungia chakula, umeniambia safari njema! Watu wote wale, Bernadeta!"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu Fikiri azaliwe.

"Niliogopa," alisema mkewe, na akaanza kulia. "Nilijua watakavyokufanya. Nilijua kwenu walivyomfanya mzee Ngollo. Na wewe je? Wewe hukuogopa? Ile Jumamosi ulirudi kwa fundi unaimba, mimi nikakuuliza umemweleza yote, ukasema ndiyo."

Modest alikaa tena. Hasira ilimwisha kwa sababu haikuwa na pa kwenda. Walikuwa wamekaa miezi mitatu nyumba moja, kila mmoja anaificha hofu ileile asiione mwenzake, na Alhamisi kwa Alhamisi treni ilikuwa inaondoka na watu.

Hakulala vizuri. Alfajiri aliamka akiwa ameshajipatia ujanja: angeomba ruhusa ya wiki moja, aseme ni malaria, aende hospitali ya mbali ambako hajulikani. Alimweleza Bernadeta wakati anavaa. Bernadeta alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda chumbani, akatoka amevaa viatu vya kanisani na kitenge cha heshima.

"Unakwenda wapi?"

"Tunakwenda kwa Bwana Issa."

Bwana Issa alikuwa msimamizi wa madereva, mtu mnene, mpole, aliyeanza kazi mwaka mmoja na Modest. Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya reli, na njiani Modest alisimama mara mbili. Mara ya kwanza alisema amesahau kitambulisho. Mara ya pili aliangalia tu mabehewa yanayooshwa kwa ajili ya kesho. Bernadeta alingoja kila mara, wala hakumvuta.

"Karibu, karibu shemeji!" Bwana Issa alisema alipowaona mlangoni. "Leo mmekuja na kikosi kizima? Kuna nini?"

Modest alibaki wima. Alitaka kusema malaria. Neno lilikuwa tayari, jepesi, na kila mtu angeliamini.

"Nifute kwenye zamu ya kesho," alisema. "Na ya wiki ijayo. Nadhani nina kifafa."

Kalamu ya Bwana Issa ilisimama. Alimtazama rafiki yake, akamtazama Bernadeta, akautazama tena mlango kama kuna mtu aliyeingia pamoja nao. Modest alisubiri aone kama kiti kitasogezwa nyuma. Mzee yule hakusogea. Alivuta daftari la zamu, akachora mstari juu ya jina, polepole, kisha akachukua karatasi ya kumpeleka kwa daktari na kuanza kuijaza.

"Hapa wanataka maelezo," alisema kwa sauti ya chini. "Niambie, Modest. Ikikupata, inakuwaje?"

Modest aliijua reli ile taruma kwa taruma, kila kona, kila taa, kila mahali ng'ombe wanapopenda kulala. Hili hakulijua. Alimgeukia mkewe.

"Muulize yeye," alisema. "Mimi sikuwepo."